Injini Iliyokataa Kupoa

Siku ya pili baada ya kung'olewa, injini ya zamani ilikuwa bado ya moto.

Saburi aliigusa, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa imelazwa juu ya makuti katika banda lake la ufundi, Kilindoni, haina mafuta wala waya, na inanuka udi. Alijiambia ni jua.

Gari ilimong'olewa lilikuwa Ford Prefect ya marehemu mzee Sleyum, yenye breki za fito za chuma zilizoshika zikipenda. Mwanawe, Hamoud, alilitoa kwa kamati ya vijiji vya Ujamaa kabla kamati haijapata wazo hilo yenyewe. Kamati ilihutubia, ikapanda gari, ikaishia katikati ya shamba la muhogo, ziara ambayo haikuwa kwenye ratiba. Ndipo ikaazimiwa kwa kauli moja kwamba ujenzi wa taifa unahitaji injini yenye nguvu zaidi na breki za mafuta.

Alasiri Hamoud alikuja na halua na mayai ya kuchemsha.

"Kuna harusi?" Saburi aliuliza.

"Kwani mtu hawezi kumlisha nduguye?"

Walikuwa wamekaa mkeka mmoja chuoni tangu wadogo. Halua ilinukia mawaridi.

"Mbona wewe huli?"

"Tumbo, ndugu yangu."

Saburi alikula, akalamba vidole. Hamoud alimtazama hadi tonge la mwisho, akachukua sahani, akaondoka bila kuaga.

Saburi alipoishika injini ili ainuke, ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Moto ulikuwa kifuani mwake.

Kesho yake alilijaribu gari kwenye njia ya Utende. Injini mpya ilivuta vizuri, breki zilikuwa laini, na alikuwa akianza kujipongeza pale mguu wake wa kulia ulipokanyaga breki bila yeye kuutuma, gari likasimama mahali pasipo na mtu wala mbuzi, harufu ya udi ikapanda, si kutoka kwenye boneti bali kutoka kwenye pumzi zake mwenyewe, na alipofungua kinywa amtaje Mungu alisikia mtu mzee akikohoa ndani ya koo lake, taratibu, kama mpangaji anayejaribu chumba kipya.

Uganga ulikuwa umepigwa marufuku kwa waraka, ila majini hayakupelekewa nakala. Bi Biubwa, mkunga aliyemkata Saburi kitovu, alisikia habari ya halua, akafukiza ubani, akamwita Hamoud na sahani yake.

"Umeingiaje kwa mtoto wa watu?" alimnong'oneza jini.

Sauti ya kizee ikajibu kinywani mwa Saburi: "Sikuingia, nimekaribishwa. Sleyum alinilisha kwenye gari lake miaka yote. Injini imeng'olewa, nikamwuliza mwanawe nikae wapi. Akasema, waache wanangu, nitakuandalia mtu. Chakula changu kakila huyu."

Bi Biubwa aliweka kipande cha halua kwenye sahani ileile, akamsogezea Hamoud. "Ule wewe, basi, umrudishe kwenu. Ukikataa, hatoki tena."

Hamoud alifunika mdomo kwa kilemba.

"Hamoud," Saburi alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Kula. Tafadhali."

"Nina watoto, Saburi."

"Kwa nini mimi? Mji mzima huu!"

Hamoud alitazama chini. "Mwingine angeona mimi sili, naye asingekula. Wewe tu ndiye usingenishuku."

Akatoka. Saburi alitaka kumfuata, kumlaani, walau kulia, lakini miguu haikumsikiliza, mikono ilikuwa imejikunja juu ya magoti kwa utulivu wa mzee mwenye mali, na machozi yaliyokuwa yakimjaa machoni yalikauka moja kwa moja, kana kwamba kuna mtu ndani aliyeyaona ni upuuzi.

Bi Biubwa aliuzima ubani. Alimtazama kijana aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe, akapiga goti.

"Shikamoo," alisema.

Saburi alikaza meno asiitikie.

"Marahaba," kinywa chake kikaitika.