Sanamu ya Dirishani Iliyonenepa

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita na mtoto mmoja wa miaka minne. Kazi yangu ni kushona, hapa nyumbani Nakuru. Naona aibu kuandika haya... lakini nikinyamaza nitapasuka!

Mume wangu, Zakayo, alikuwa akipamba madirisha ya duka la nguo la Mhindi mmoja, kwenye mtaa mtulivu karibu na stesheni. Alikuwa na utundu! Mara sanamu ya kike inaendesha baiskeli, mara ya kiume imefunga aproni inapika chapati. Jumapili watu waliotoka kanisani walisimama pale wakicheka. Nami nilisimama kati yao kichwa kikinivimba... huyo ni wangu!

Siku moja aliniletea vipimo. Alisema ni vya sanamu, tajiri wake anataka gauni la kijani lenye kola nyeupe. Nilishona kwa moyo wote, nikijua mtaa mzima utalitazama. Jumapili nikaenda kuliona. Halikuwapo! Zakayo akasema tajiri analiweka hadi Krismasi. Nikakubali.

Baada ya majuma machache akalirudisha. Alitaka nipanue kiuno. Kiuno cha sanamu? Tangu lini mti ukanenepa?

"Ni mvua hii, Mama Ester," akasema akicheka. "Mbao imefura."

Nilicheka pia, wasomaji... lakini usiku usingizi ulinipaa. Nilipanua kiuno kama alivyotaka. Ila ndani ya pindo nilipitisha uzi mwekundu, mahali ambapo ni mimi tu ningejua.

Kesho yake, Zakayo akiwa ametumwa stesheni kuchukua mizigo, nikaingia dukani na utepe wangu. Nikamwomba tajiri nipime sanamu.

"Ya nini, mama?" akashangaa. "Sanamu hapana pimwa. Nguo natoa hapa kwa duka. Kama ni kubwa, Zakayo anakaza na pini nyuma."

Nikachungulia mgongoni mwa sanamu. Kweli, pini tupu! Nikakunja utepe wangu, nikatoka.

Basi gauni langu lilikuwa likivaliwa na nani? Nikaanza kutazama kila mwanamke kiunoni. Jirani, muuza maziwa, hata mke wa katekista, Mungu anisamehe!

Jumapili hiyo kanisani, mbele yangu alikaa rafiki yangu Naomi, mjane aliyembeba Ester siku ya ubatizo. Siku hizo alikuwa havui koti lake refu hata jua likiwaka. Tulipopiga magoti, koti likapanda... kijani! Pindo likageuka... uzi mwekundu! Nililia kwa sauti mpaka watu wakadhani ninaokoka.

Zakayo hakukana. Alifungasha vitu vyake, akaenda Longonot na Naomi. Madirisha sasa anapamba tajiri mwenyewe, na sanamu zimesimama tu wima.

Juma lililopita Zakayo alituma mtu na kitambaa cheupe na vipimo. Eti nishone kigauni... kidogo sana. Hakusema cha nani. Safari hii hakuona haja hata ya kunidanganya!

Dada zangu, mumeo akikujibu kwa mzaha jambo ulilouliza kwa uchungu, nawasihi, usicheke naye. Uliza tena. Mimi nilicheka.

Kitambaa kiko hapa juu ya cherehani. Ester ananiuliza ni cha sanamu gani.