Futari ya Ami Sebit

Hadithi hii nilisimuliwa na jirani yangu Bakhita mwaka jana, tukichambua mchele wa harusi ya mjukuu wake. Ni mambo ya miaka ya hamsini, yeye akiwa msichana mdogo huko Kibera.

Kila Ramadhani babake, Marjan, akirudi kutoka kazini mjini, alifuturu sinia moja na mdogo wake Sebit, wa nyumba ya pili. Mwaka huo kila mtu alikula kwake. Ng'ombe wa Sebit walikuwa wamemaliza mahindi ya Marjan, naye Marjan akamwita mdogo wake mvivu mbele ya watu msikitini. Sasa Sebit alikuwa amefunga mizigo, anahamia Bombo, Uganda, na watu wake. Lori lingekuja asubuhi.

Bakhita hakutulia. Alikwenda mlangoni, akarudi, akafunua chungu, akafunika.

"We mtoto, umekalia siafu?" akauliza bibi yake, Haboba.

"Haboba, kesho kina Ami Sebit wanakwenda!"

Bibi alipotoka kutia udhu, Bakhita akajaza sahani kisra, ile mikate myembamba, na mchuzi, akakimbia kwa ami yake.

"Ami, Baba amekutumia futari."

Sebit akaitazama sahani. Kisha akaichukua, akavuka ua hadi kwa Marjan, Bakhita nyuma yake.

"Ahsante, kaka. Nimeona tule pamoja."

"Mimi? Sikutuma kitu."

Sebit akageuka aende zake. Bakhita akaangua kilio. "Ni mimi, Baba. Nimesema uongo."

Mara adhana ikasikika. Haboba akamzibia Sebit mlango. "Mtamwombaje Mungu awasamehe, nyinyi msiosameheana? Mtume alikataza kumnunia ndugu yako zaidi ya siku tatu. Nyinyi mna mwezi!"

Marjan akainama. Akampa ndugu yake tende. "Fungua, Sebit. Nilikuaibisha. Nisamehe."

"Na mimi nisamehe, kaka. Wale ng'ombe niliwaona wakiingia. Nikaona uvivu kuinuka."

"Uliwaona?"

"Niliwaona."

Marjan akamkazia macho, halafu akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kumbe sikukusingizia!"

Walikula sinia moja. "Lile lori litarudi tupu," Sebit akasema.

Haboba akamvuta Bakhita kando. "Dini yetu haimhesabu mwongo mtu anayepatanisha watu. Lakini usizoee! Ndugu watakosana tu. Anayemcha Mungu huomba msamaha, na mwenzake husamehe. Ndivyo jamaa wanavyobaki pamoja."

Baada ya tarawehe ndugu wale walijinyoosha mkekani, wakaanza kukoroma. Bakhita alibaki macho, akihofia ugomvi utaamka tena. Haukuamka. Usingizi ukamchukua.