Nilikataa Kumusamehe Marehemu

Nina miaka hamsini na nane, ninakaa Alunguli, ngambo ya muto kutoka Kindu, na mukono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Wandugu, kabla ya kunihukumu, sikilizeni kwanza!

Nilikuwa bado kijana wakati bwana yangu Ramazani, askari, alipopelekwa kwenye vita ya Wajerumani, njia ya Tabora. Sisi wake tulifuata nyuma, sufuria kichwani, masanduku ya risasi mugongoni. Siku moja tulishambuliwa vikali... Ramazani akatupa bunduki, akalala ndani ya shimo, anamulilia mama yake! Ningefanya nini? Nilivaa koti yake na kofia yake, nikashika bunduki. Yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha kambini, kwa muchezo tu. Nilipiga mpaka adui wakarudi nyuma. Vidole viwili vilibaki pale.

Komanda alikuwa ameona koti tu, kwa mbali. Akauliza ni nani aliyelinda shimo lile. Ramazani akapiga saluti: "Njo mimi, komanda!" Akapewa medayi ya ushujaa. Mimi nikanyamaza... Si alikuwa bwana yangu? Nilifikiri heshima yake ni yangu pia. Mujinga mimi!

Tuliporudi Kindu, aliwaambia watu kwamba vidole nilijikata kwa shoka, nikipasua kuni. Kisha akaoa binti mudogo, akanifukuza. Munajua alisema nini? "Mwanamuke wa vidole vitatu atanitwangia majani ya sombe namna gani?" Wallahi! Nilimeza maneno yale miaka thelathini na zaidi.

Mwaka jana akafa. Nikavuka muto, nikaenda kwenye kilio. Medayi walikuwa wameichomeka kwa pini kwenye kitambaa cha jeneza. Mwalimu wa musikiti akauliza, kama desturi yetu sisi Waislamu kabla ya maziko: mwenye haki kwa marehemu aseme, ao amusamehe. Wote wakaitika, "Tumemusamehe!"

Nikainua ule mukono. "Mimi simusamehe!" Nikaeleza yote mbele ya wazee, muke wake na watoto wake. Mwalimu akanisihi mara tatu: "Mama, musamehe, anakwenda kwa Mungu."

"Aende vile vile!" Nikachomoa medayi yangu. Hakuna aliyenizuia. Wanaume wakabeba jeneza bila kuangaliana.

Nilifurahi, siwadanganyi! Hata leo simusamehe... Lakini nilipofika nyumbani nililia kwa hasira.

Binti zangu, mutu akiwanyanganya haki yenu, musingoje afe! Mwambieni usoni, angali anasikia. Mimi siku ile nilisikiwa na Kindu nzima, isipokuwa Ramazani. Masikio yake walikuwa wamekwisha kuyaziba kwa pamba.