Hooyo, Usizime

Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima wa Wabera tangu mchana, kwa hiyo Kathure wa duka la jirani alipobisha kwa akina Naimo akiwa na simu na chaja mkononi, Deka, binti wa Naimo, alidhani amechanganyikiwa.

"Habari ya jioni," alisema Kathure. "Niwekeeni simu kwa moto kidogo. Nyinyi mmenunua jenereta na hata hamkutuambia majirani."

"Jenereta gani, Kathure? Si unaona hata sisi tuko na mshumaa."

"Na hiyo TV inalia na nini? Nimeisikia kutoka dukani. Ile gemu ya Kha..." Hapo akakumbuka Khadar yuko wapi. Akafunika mdomo kwa kiganja, akasema pole mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaondoka na chaja yake.

Kathure ni mwanamke wa maneno mengi, na Deka angempuuza kama si kusimama kwenye korido akaisikia mwenyewe. Ilitoka chumbani kwa marehemu kaka yake: zumari nyembamba, halafu miguu ikiruka, tik, tik, halafu kengele ndogo. Alisukuma mlango. TV ilikuwa nyeusi. Waya wake ulikuwa juu ya meza, umekunjwa vile vile alivyoukunja yeye baada ya khitma. Zumari iliendelea kulia kutoka kwenye kioo kile cheusi, na chumba kizima kilinuka dizeli na mbuzi waliolowa.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika mtandio, uso ameuelekeza kwa TV.

"Funga mlango," Naimo alinong'ona. "Utamfanya aanguke."

Gemu hiyo baba yao aliinunua Islii wakati Khadar yuko shule ya msingi: kisanduku cha kijivu na kaseti moja ya manjano, na kaseti hiyo moja ikamtosha maisha yake yote. Ilikuwa hadithi ya Ugiriki ya kale. Kijana mwenye viatu vya kamba na mkuki mfupi ameamka katika nchi ya wafu, chini ya ardhi, naye anataka kupanda arudi kwenye jua. Anaruka kutoka nguzo moja nyeupe hadi nyingine, nguzo zinabomoka akizikanyaga, ndege wenye nyuso za watu wanamgonga mgongoni, na akikosea hatua anatumbukia. Ana maisha matatu. Yakiisha anarudishwa chini kabisa, aanze upya. Picha inakwenda mbele tu. Mahali ulipopita huwezi kurudi tena, hata kama umeacha kitu. Ni mchezo mkorofi, uliotengenezwa na watu ambao bila shaka hawakuwapenda watoto, na Khadar aliupenda kwa roho yake yote. Lango la mwisho, lile lenye jua nyuma yake, aliliona mara nyingi. Hakuwahi kulipita.

Tangu utotoni ugomvi wake na mama ulikuwa huo huo. Adhana ya magharibi ikisikika, Naimo alisimama mlangoni akasema inatosha, wakati wa sala. Na Khadar, bila kugeuka, alijibu: "Hooyo, usizime. Bado kidogo nafika." Naimo alingoja kidogo, halafu akaingia akazima kwa mkono wake. Hata Khadar alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, dereva wa lori la mbuzi, akitoka safari alikaa kwenye mkeka ule ule na maneno yalikuwa yale yale. Naimo naye alimwita hooyo, yaani mama, maana mama wa Kisomali humrudishia mwanawe jina lile lile analoitwa. Wala hakuwa na ubahili nalo. Kijana yeyote aliyekula chakula chake, awe mwendesha boda au mtoto wa Kathure, aliitwa hooyo. Ulimi wake ulishazoea hivyo.

Kisha mvua zikaja, na lori likapinduka kwenye laga, mto mkavu uliojaa maji ghafla, likirudi na mbuzi kutoka Biliqo. Khadar na mwenzake Diba walibanwa ndani ya kabini mpaka wafugaji walipowafikia asubuhi. Diba alitolewa akiwa hai, miguu imevunjika. Khadar alitolewa akiwa maiti.

Naimo aliyavumilia mazishi, wageni, na hata kuzigawa nguo za mwanawe kwa sadaka. Jambo moja lilimshinda. Alitaka kujua kama Khadar alitamka shahada kabla roho haijatoka. Alikwenda hospitali akamwuliza Diba, na Diba akageuzia uso ukutani akalia. Alikwenda tena, Diba akageuka tena. Basi Naimo akarudi nyumbani na swali lake, akawa analala nalo na kuamka nalo.

Na sasa kila magharibi chumba kile kilikuwa na mtu. Kwanza ilikuwa zumari na miguu tu. Baadaye ikaja sauti ya Khadar mwenyewe: anagonga ulimi kabla ya kuruka, anacheka akianguka, anamtukana ndege. Wakati mwingine ilikuwa maneno ya njiani, bei ya mbuzi, salamu kwa askari wa kizuizini. Na kila jioni kabla ya kunyamaza: "Hooyo, usizime. Bado kidogo nafika."

Deka aliogopa, lakini pia alilia kwa hamu, tusimlaumu. Jioni moja alijikaza akauliza kutoka mlangoni, "Khadar, mimi ni nani?"

Zumari ikakatika. Kimya kikakaa kirefu, kama mtu anayepekua sanduku. Kisha kikaja kicheko, kile kile alichocheka siku ya arusi ya binamu yao, na zumari ikaanza upya. Deka akaelewa kwamba chochote kilichokuwa mle ndani hakikuwa na neno lake chenyewe. Kilikuwa na maneno ya Khadar tu.

Kesho yake akamwendea Sheikh Shuriye, mzee mpole aliyemfundisha yeye na Khadar madrasa. Sheikh alifika baada ya sala ya alasiri, akasikiliza habari yote, akaomba maji ya kuyasomea dua.

"Kila mtu huzaliwa na jini wake wa kumfuata," aliwaambia. "Tunamwita karini. Anakula ulipo, analala ulipo, anajua kila ulichosema. Mtu akifa, yeye hafi naye. Huyo si Khadar, Mama Khadar. Khadar yuko kwa Mola wake. Huyo ni aliyeachwa."

"Alikuwa naye mpaka mwisho?" Naimo aliuliza.

"Mpaka mwisho."

"Basi anajua alichosema. Ataendelea kurudia rudia mpaka afike hapo, na mimi nitakuwa nimekaa hapa nasikiliza. Usimfukuze, Sheikh. Nikisikia shahada, mtamfukuza hata mimi nikiwasaidia."

"Mama Khadar, magharibi inakupita ukingoja kusikia shahada ya mtu mwingine."

Naimo aliuelekeza uso kwa TV tena. Maji yalibaki kwenye kikombe.

Tangu siku hiyo alianza kuisha. Chai ilipoa mbele yake, mikono ikawa miembamba hadi bangili zikamvuka kiwiko, na mkeka ukafanya shimo mahali alipokaa. Na kile kitu kikazoea kutazamwa, maana sasa hakikungoja tena magharibi, kilianza alasiri, halafu adhuhuri, na harufu ya dizeli ikatoka chumbani ikashika mapazia ya sebule na nguo za Deka na hata unga wa mikate ya anjera, na jioni moja Deka alipoingia kumshika mama yake mkono ili amtoe, akaona kwa macho yake kwamba mkeka umebonyea mahali pawili, pale alipokaa mama na pengine karibu naye, bega kwa bega, padogo, kama pa mtu aliyekunja magoti, na mama yake alikuwa ameegemea upande huo, ameegemea hewa, na hakuanguka.

Deka alikimbia mpaka barabarani bila viatu.

Asubuhi alipata gari la kwenda Kulamawe, ambako Diba alikuwa akiuguzwa na dada yake baada ya kutoka hospitali. Alimkuta kivulini, magongo pembeni. Alipomwona Deka alitaka kugeuka, lakini kiti hakikuwa na upande wa kugeukia.

"Mama yangu anakufa," Deka alisema. "Sikuombi kitu ingine. Kuja umwambie."

"Deka, hiyo maneno si mzuri ya kuambia mama."

"Hakuna ubaya umebaki, Diba. Yote tayari iko kwetu nyumbani."

Walifika jua likielekea kutua. Sheikh Shuriye alikuwa ameshafika, msahafu mapajani. Naimo hakugeuka. Diba alisimama juu ya magongo yake, akanusa ile harufu, na uso wake ukapauka. Adhana ikatoka msikitini. Zumari ikalia kwenye kioo cheusi, miguu ikaruka, nguzo zikabomoka moja baada ya nyingine, kisha sauti ya Khadar ikasema, karibu sana, kana kwamba imesemwa mezani wakati wa chakula:

"Hooyo, usizime. Bado kidogo nafika."

Gongo moja la Diba likaanguka sakafuni.

"Ni hiyo," alisema. "Wallahi ni hiyo."

"Hiyo nini?" Naimo aligeuka kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ndio alisema kwa lori." Diba alikuwa analia bila kujifuta. "Tumebanwa, maji inaingia, na taa ya dashibodi inaanza kufifia. Mimi namwambia Khadar shahadia, ndugu yangu, shahadia. Lakini alikuwa hanisikii. Alikuwa anaangalia hiyo taa tu. Alidhani ako hapa, Mama. Alidhani ni wewe unazima. Anakuomba, usizime, bado kidogo nafika. Mara nyingi. Halafu taa ikazima. Mimi niliogopa kukuambia, mama anangoja shahada, mimi nimletee maneno ya gemu?"

Jioni zote zile Naimo alikuwa akiyapita maneno ya mwisho ya mwanawe, akingoja mengine nyuma yake. Alikunja mtandio kifuani, akatoa sauti ambayo Deka hakuwahi kuisikia kwake, hata siku ya maiti.

"Na baada ya hapo?" aliuliza hatimaye.

"Midomo yake iliendelea kucheza, Mama. Lakini sauti haikutoka. Sijui alisema nini."

"Mola anajua," alisema Sheikh Shuriye taratibu. "Aliyeisikia midomo isiyo na sauti ni Yeye peke yake. Mwachie hilo."

Naimo akajiinua, akishika ukuta, akaenda mpaka kwenye kisanduku cha kijivu kisicho na waya wala moto. Sheikh akaanza kusoma. Sauti nayo ikapanda, haraka haraka, usizime hooyo usizime bado kidogo bado kidogo nafika usizime, na vikombe vikatetemeka kabatini, na Diba akaziba masikio, na Deka akamshikilia mama yake nguo kwa nyuma kama mtoto, na Naimo, machozi yakimdondoka mkononi, akasema kwa sauti ile ile ya zamani ya mlangoni:

"Inatosha, Khadar. Wakati wa sala umefika."

Akabonyeza swichi.

Zumari ikakatika. Harufu ikatoka chumbani mara moja, na kwa mara ya kwanza walisikia barabara ya nje, boda na watu wakitoka msikitini. Sheikh alifunika msahafu akashusha pumzi. Deka alimkumbatia mama yake kwa nyuma, akahisi mifupa yake, akahisi pia kwamba anapumua.

Ndipo kitu kikaongea kutoka mkekani. Haikuwa sauti ya Khadar. Haikuwa sauti ya mtu yeyote waliyemjua. Ilikuwa nyembamba, yenye kigugumizi, sauti ya asiyewahi kusema neno lake mwenyewe maishani.

"Na mimi," iliuliza, "niende wapi?"

Sheikh Shuriye aliinua mkono upesi, akatikisa kichwa. Msimjibu. Diba alijiuma mdomo. Deka alimkaza mama yake kiunoni.

Lakini Naimo alikuwa ameshageuka. Mbele yake palikuwa na mkeka, na mkekani pale padogo palipobonyea, na aliyekaa hapo alikuwa amempoteza Khadar kama yeye alivyompoteza.

"Sijui, hooyo," alisema.

Mkono wa Sheikh ukashuka polepole mpaka pajani.

Siku ya pili Sheikh aliichukua kaseti na kisanduku akavizika mbali na nyumba za watu. Diba alirudi Kulamawe, mwepesi kidogo kuliko alivyokuja. Naimo alikunywa chai yake ikiwa moto, akaswali magharibi kwa wakati wake, na Deka alianza kuamini kwamba yamekwisha.

Alikuwa jikoni akigeuza anjera aliposikia mama yake anaitwa kutoka chumba kile kitupu. Ilikuwa ile sauti nyembamba. Ilikwama kwenye neno, ikajaribu tena, kama mtoto anayelishika kwa mara ya kwanza.

"Hoo... hooyo."

Deka aliacha anjera ikaungua. Alingoja, akiomba moyoni mama asiwe amesikia.

Kisha akamsikia Naimo akiweka kikombe chini, akiinuka, na kuitika.