Bwawa Lisilotiwa Dawa

Siku ya soko, kwenye njia panda ya Makambako palikuwa hapasikilizani. Mwaka huo wa 1958, baridi ya Juni ikiwa imeanza kuuma, basi la kutoka Iringa lilisimama mbele ya maduka, utingo akapanda juu na kuanza kurusha mizigo, akina mama wa viazi wakagombania madirisha, malori ya Mbeya yakapiga honi kudai njia. Katikati ya zogo hilo kijana mmoja aliyevaa kaptula ya kaki na koti la sufu lililochakaa viwikoni alikuwa amepiga magoti kando ya madebe yake, akipiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

"Maji! Jamani, nani ana maji? Watakufa hawa!"

Tabea alikuwa anarudi kazini posta, ambako yeye ndiye aliyepokea simu na kuziunganisha. Alikuwa amevaa gauni la bluu na sweta ya manjano aliyofumiwa na mama yake, nywele amezisuka vizuri. Alisimama.

"Nani atakufa?"

"Perege, dada. Wametoka Iringa alfajiri, hewa imewaishia humu ndani."

Tabea alichungulia. Samaki walikuwa wamepandisha vinywa juu ya maji, wanahema kama wazee waliopanda mlima.

"Posta kuna tangi la maji ya mvua," alisema.

"Limepakwa rangi ndani? Rangi itawaua."

"Kaka, unaomba maji au unakagua tangi?"

Kijana alicheka kwa aibu, akabeba madebe kumfuata. Alipoanza kumimina maji, perege mmoja aliruka, akamgonga Tabea kifuani na kunasa kwenye sweta. Tabea alipiga yowe. Watu wakaangua kicheko.

"Usimshike kwa mkono mkavu!" kijana alipayuka. "Ngozi yake ni laini sana."

"Na mimi je? Ngozi yangu ni ya nyati?"

"Sijaigusa, dada. Siwezi kusema."

Tabea alimkazia macho ili amwonyeshe kwamba amekasirika, lakini kicheko kilimponyoka. Hivyo ndivyo alivyomfahamu Lameki, Mkinga wa Makete, aliyesomea viumbe vya majini Makerere na sasa alikuwa mtafiti katika kituo cha samaki cha serikali nje ya mji wa Njombe. Kazi yake ilikuwa kutafuta dawa ya maradhi ya samaki wa mabwawani.

Siku chache baadaye simu ya Njombe ililia.

"Makambako hapa. Namba gani?"

"Nataka kuzungumza na Makambako."

"Makambako yote?"

"Kipande chake kimoja tu. Kile chenye sweta ya manjano."

"Mtu wa samaki, hii ni simu ya serikali."

"Na mimi ni mtu wa serikali. Hujambo, mpenzi?"

"Mpenzi wako yumo kwenye debe," Tabea alimjibu, akachomoa waya. Siku nzima alitabasamu peke yake kama mtu mwenye siri.

Simu zikawa nyingi. Jumamosi nyingine Lameki alikuja kwa lori la mbao, wakatembea hadi kwenye miti ya miwati, akamweleza jinsi ukungu mweupe unavyoota juu ya samaki baridi inapozidi, na jinsi dawa ya zambarau, ile ya kuoshea vidonda hospitali, inavyoweza kuuondoa. Shida ilikuwa kiasi. Ikipungua haifanyi kitu, ikizidi inaua. Tabea alimsikiliza akiitazama mikono yake, iliyobaki na madoa ya kahawia hata baada ya kuoga.

"Baba yangu naye ana bwawa, kule nyumbani Njombe," alimwambia. "Mzee Anania, wa kanisani. Alilichimba mwenyewe, akawashawishi majirani nao wachimbe. Nimemdokezea habari zako."

Lameki aliacha kutembea. "Akasemaje?"

"Akasema binti yake haendi kuolewa Makete na mtu anayenuka samaki." Tabea alicheka.

Lameki hakucheka. "Bwawa lake nalifahamu," alisema polepole, kisha akabadilisha mazungumzo.

Julai, habari mbaya zilimfikia Tabea kutoka nyumbani. Perege wa baba yake walikuwa wameanza kuelea, miili imefunikwa weupe kama pamba. Majirani walisema samaki wa Anania wamevaa sanda. Wengine walisema Mungu amekasirika, na mama yake, Hulda, alikuwa hatoki tena kwenda kisimani wakati wenzake wako huko.

"Lameki atawaponya," Tabea alijiambia.

Asubuhi moja bwana mkubwa wa samaki, Mzungu aliyekuwa Iringa, aliomba kuunganishwa na kituo cha Njombe. Tabea aliunganisha. Sheria ilikuwa wazi kwamba mpokea simu akishaunganisha hasikilizi. Lakini alisikia sauti ya Lameki, akachelewa kuvua visikilizio vya masikioni.

"Bwawa la yule mzee wa kanisa liachwe hivyo hivyo," Mzungu alisema kwa Kiingereza. "Usitie kitu chochote."

"Hata wakifa wote?"

"Hasa wakifa wote. Na yeye asiambiwe."

Lameki akajibu, "Sawa, Bwana."

Tabea alivua visikilizio, akaviweka mezani taratibu. Neno alilomwambia Lameki kwa utani, la mtu anayenuka samaki, lilimrudia kichwani likiwa zito kama jiwe. Kumbe alikuwa ameliweka moyoni. Kumbe alikuwa anamlipiza baba yake.

Mchana Lameki alipiga.

"Namba gani?" Tabea aliuliza.

"Kipenzi, ni mimi."

"Namba gani, bwana?"

"Tabea? Una nini?"

"Kama hutaji namba, nakata." Akakata. Lameki alipiga tena na tena, akajibiwa vilevile, mpaka mkuu wa posta akainua macho kutoka mezani kwake.

Jumamosi Tabea alipanda basi la Njombe. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kituoni, akamkuta Lameki ameinama juu ya matangi ya saruji yaliyopangwa kwa safu.

"Umemlipiza baba yangu," alisema hata kabla ya kusalimia. "Dawa unayo. Unasimama unamwangalia mzee wa watu akiokota maiti, kwa sababu ya neno moja!"

Lameki alinyooka. Uso ulikuwa umemsawajika, kama mtu ambaye hajalala vizuri muda mrefu. "Umesikia simu."

"Nimesikia. Nifukuzwe kazi, sijali. Ni uongo?"

"Si uongo. Lakini si kisasi." Alimshika mkono, naye akaunyakua. "Njoo uone, basi. Halafu unitukane."

Kwenye tangi la mwisho perege wote walikuwa wamelala ubavu, wamekufa, maji yakiwa na rangi ya zambarau.

"Hawa niliwatibu," Lameki alisema. "Kwa kiasi nilichodhani ni sahihi. Sikujua, Tabea. Ningejua, nisingehitaji kuchunguza. Mabwawa mengine tunayatia dawa, mengine tunayaacha. Tukiyatia yote na samaki wakapona, tutajuaje kama ni dawa au ni jua limerudi? Ya kuachwa yalichaguliwa kwa kura. La baba yako liliangukia huko kabla sijakuona."

"Kwa hiyo umemfanyia hisani?"

Lameki alitazama maji. Jibu jepesi lilikuwepo, naye hakulichukua. "Hapana. Sitaki kukudanganya. Kiasi kidogo zaidi kinaponya, nadhani. Nina wiki mbili nakiona kinaponya. Na yeye sijampa."

"Na mimi hukuniambia."

"Niliamriwa nisiseme, watu wasije wakatia vitu vyao kwa siri. Halafu niliogopa utakata simu."

"Nimeikata hata hivyo." Machozi yalimtoka kwa hasira. "Lameki, baba yangu si tangi la saruji. Ana jina. Anachekwa. Twende ukamwambie mwenyewe."

"Nitapoteza kazi."

"Pengine."

Lameki alichukua koti lake na kichupa cha dawa, akafunga mlango.

Walimkuta Mzee Anania kando ya bwawa, suruali ameikunja hadi magotini, akitoa samaki waliokufa kwa kapu. Mama Hulda alikuwa amesimama juu ya tuta na shuka begani.

"Kamwene, baba," Lameki aliamkia, akainama.

"Kamwene, mwanangu."

Lameki alimweleza yote bila kujitetea. Alipomaliza, mzee aliendelea kuliangalia kapu.

"La Nikodemo, jirani yangu, limetiwa?"

"Limetiwa, baba. Kiasi kidogo."

"Samaki wake?"

"Wameanza kula."

"Na nikikwambia utie langu sasa hivi?"

"Dawa hii hapa. Nitatia. Uchunguzi utakuwa umeharibika, nami nitaanza upya mwakani baridi ikirudi. Lakini bwawa ni lako."

"Litie, mwanangu!" Mama Hulda alisema. "Unangoja nini?"

Anania aliinua mkono. "Hao watakaongoja mpaka mwakani ni akina nani?"

"Wote waliochimba mabwawa, baba. Hapa, Makete, mpaka Ludewa."

Upepo baridi ulipita juu ya maji. Tabea aliona samaki mmoja akizunguka juujuu, mweupe nusu, akitafuta hewa. Alitamani kukinyakua kile kichupa akimimine mwenyewe.

"Hukuniuliza," mzee alisema hatimaye. "Hilo ndilo lililoniumiza, kuliko samaki. Ungeniuliza, labda ningekufukuza, labda ningekubali. Niulize sasa."

Lameki alikirudisha kichupa mfukoni. "Baba, naomba bwawa lako lisitiwe dawa mpaka baridi iishe, ili tujue."

Anania alimtia samaki mwingine kapuni.

"Liache," alisema. "Lakini kesho tukitoka ibadani utasimama mbele ya watu uwaambie. Wajue hapa hakuna laana. Wajue ni mimi niliyekubali."

Mama Hulda aligeuka, akaingia ndani. Tabea alikaa kwenye tuta akalia, kwa sababu alijua samaki wale hawatapona, na kwa sababu alimpenda mtu aliyekuja kuwaombea wafe.

Kesho yake Lameki alisimama uwanjani mwa kanisa, kofia mkononi, akasema. Watu waliuliza maswali makali, naye akayajibu yote. Baridi ilipokwisha, bwawa la Anania lilikuwa karibu tupu. La Nikodemo lilijaa vifaranga, na tofauti ile ya mabwawa mawili yanayopakana ndiyo iliyothibitisha kiasi cha dawa. Dawa iligawiwa bonde zima. Vifaranga vya kwanza Nikodemo alimletea Anania mwenyewe, kwenye ndoo, akiwa amevua kofia.

Bwana mkubwa hakusamehe. Alitaka mtu wa kufuata amri, na Lameki alikuwa amesema hadharani alichokatazwa. Walimhamishia Lupingu, chini kabisa ukingoni mwa Ziwa Nyasa, akaandikishe mitumbwi ya wavuvi.

Kabla hajaondoka alimtuma Gideoni, mwinjilisti, kuwa mshenga wake. Nyumba ya Anania ilijaa wajomba na mashangazi. Tabea aliketi mkekani karibu na mama yake, amevaa gauni jeupe lenye ukosi wa lasi, macho ameyainamisha kama inavyotakiwa. Lameki alikaa karibu na mlango. Desturi haikumruhusu kufungua kinywa.

Gideoni alisema maneno mazuri na marefu. Alipomaliza, Anania alimgeukia binti yake.

"Umemsikia mgeni. Lupingu ni mbali, kazi yako ya posta utaiacha. Wewe wasemaje?"

Mama Hulda, ambaye tangu siku ile ya bwawani alikuwa hajamsemesha Lameki, alimtazama mwanawe.

"Sijaulizwa, baba," Tabea alisema. "Ameulizwa kila mtu humu ndani. Aniulize mwenyewe."

Shangazi mmoja aliguna. Gideoni alikohoa. Lameki alinyanyuka pale mlangoni, akavuka chumba kizima mbele ya wazee, akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

"Tabea, utakwenda nami Lupingu?"

Tabea aliinua macho. Alimwacha angoje kidogo, mpaka jasho likamtoka kipajini.

"Nitakwenda," alisema. "Ila kule hakuna simu, Lameki. Utakalolijua, utaniambia usoni."

"Nitakwambia."

Mama Hulda alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele.