Lango la Mji Usiotajwa

Binti aliporudi kutoka kazini Jumamosi mchana aliukuta mlango wa stoo uko wazi, akadhani ni mama yake. Mama naye akadhani ni binti. Wakataniana, kila mmoja akimwita mwenzake mzee wa kusahau, wakaufunga, maisha yakaendelea. Komeo la mlango ule lilikuwa la chuma, gumu, la kusukumwa kwa mikono miwili, lakini siku ile hakuna aliyelifikiria.

Binti huyu kazini walimwita Mkunga. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la vipuri, meza tatu na feni moja yenye kelele. Walitengeneza gemu za simu, na kazi yake ilikuwa kuvipa majina vitu vyote vilivyozaliwa pale: mashujaa, silaha, milima, miji. Alikuwa hodari, na alijijua kuwa ni hodari. Hakuokota jina hewani, alichimba. Angekuambia, ukimpa nafasi na hata usipompa, kwamba paladini wa kwenye gemu, yule askari mcha Mungu mwenye ngao inayong'aa, jina lake asili yake ni kilima cha Roma walikojenga makaisari; kwamba berserka alikuwa mpiganaji wa nchi za baridi aliyevaa ngozi ya dubu vitani, au ndivyo wanavyosema wataalamu wengi; kwamba wale wauaji wa kunyatia tunaowachagua kwa kubonyeza kitufe walikuwa watu kweli, wafuasi wa dhehebu lililokaa kwenye ngome za milimani, na jina lao walipachikwa na maadui. Hata ghuli mla maiti, alisema, ni yule yule jini wa jangwani ambaye Waarabu walisimulia kwamba huwapoteza wasafiri.

"Kwa hiyo tunachezea makaburi ya watu," bosi wake alimwambia siku moja.

"Na hakuna aliyewahi kuja kudai," Mkunga akajibu.

Kiburi chake kilikuwa hapo, kama unataka kujua.

Gemu yao mpya ilihitaji mji wa mwisho, wenye lango ambalo mchezaji halifungui kwa ufunguo wala kwa upanga. Analitamka jina la mji kwa mdomo wake, simu inasikia, lango linafunguka. Bosi alilipenda wazo lile kupita kiasi. Tatizo likawa jina. Kila alilolipeleka Mkunga kwa wakili lilirudi: hili ni la kampuni fulani, hili la gemu nyingine, hili la bia. Hata Thule, jina ambalo Wayunani wa kale waliipa nchi ya mwisho ya kaskazini, lilikuwa limeshatumiwa na kila mtu. Siku ya kutoa gemu ikakaribia, na Mkunga, amechoka na amenuna, akaandika jina ambalo mama yake alimtajia mara moja tu maishani.

Ulikuwa mji wa kina mama yake. Watu wake waliuhama wote, mama akiwa mtoto mdogo, wakakubaliana kwamba jina lake lisitamkwe tena, na wengi wameshakufa nalo moyoni. Mama alimpa bintiye jina hilo kwa sababu moja tu, ajue neno la kujihadhari nalo. Mimi pia nalijua na sitalitaja hapa. Anayetaka kununa na anune.

"Hili safi," wakili alisema kwenye simu. "Nimetafuta kote. Halina mwenyewe."

Ile Jumamosi ya mlango wa stoo, Mkunga alikuwa ameshinda ofisini akiitamkia simu jina lile, tena na tena, kulijaribu lango.

Gemu ikatoka na watoto wakaipenda, hasa kwa ajili ya lango. Nyumbani nako milango ikaanza kufunguka yenyewe. Ulianza wa stoo, ukafuata wa jikoni, kisha kabati la vyombo. Haikuwa usiku, la. Ilikuwa mchana kweupe, na zaidi siku ambazo watoto hawaendi shule. Fundi akaitwa, akabadilisha makomeo, akawacheka, akaenda zake. Ikaja harufu, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, yenye unyevu na majani yaliyooza, nayo ilitangulia kila mara kabla komeo halijalia. Mama akahamishia kiti chake katikati ya sebule, mbali na kila mlango, na chakula akawa anakigusa tu.

"Mwanangu," alisema jioni moja kwa sauti ya chini. "Umelitaja?"

"Nini, mama?"

"Usinifanye mimi mtoto."

Mkunga akakaa sakafuni, miguuni pa mama yake, akamweleza yote.

"Wangapi wanalitaja?"

"Wengi, mama."

"Nimekuuliza wangapi."

"Sijui tena. Wanaongezeka kila siku."

Mama akamshika mkono. "Kuna kitu mjini kwetu, hakina mkono wa kufungulia mlango. Kilikuwepo pale kabla yetu, sisi tukaja tukajenga juu yake, tukaupa mji jina lake bila kujua. Kinasimama nje kinangoja. Ukilitamka, umekifungulia. Dada yangu alikuwa anaruka kamba uani, anaimba jina la mji wetu, si unajua watoto wanavyoimba. Milango yote ikafunguka kwa pamoja. Kamba ikabaki, yeye hayupo. Upande mmoja ilifungwa kwenye nguzo, upande wa pili nilishika mimi. Kiliniona. Tangu siku hiyo kinanijua."

Mkunga alilia kwa hofu na kwa aibu, na mama yake akambembeleza, jambo ambalo lilimuumiza zaidi.

Mganga aliletwa mchana. Mzee mpole, akavua viatu nje, akakaa mkekani, akasoma alichosoma. Katikati ya kisomo chake harufu ikaja na komeo la chumbani likajisukuma lenyewe taratibu, mbele ya macho yao. Mzee akaacha kusoma. Akauliza maswali machache, akaonyeshwa lile lango kwenye simu.

"Binti yangu," alisema, "waliojileta nimewatoa, na waliotumwa nimewatoa. Huyu amealikwa. Nikimtoa kwa mlango huu, kuna mtu saa hizi anamfungulia ule. Wanyamazishe kwanza hao wanaomwita, halafu niite."

"Nitawanyamazishaje watu wote hao, mzee?"

"Ndiyo maana nakusikitikia," akasema, akavaa viatu vyake.

Bosi hakuamini mpaka alipokuja mwenyewe na kuona friji inafunguka mbele yake. Siku hiyo hiyo akaupa mji jina jipya. Lango likalikataa. Walilitamka jina jipya ofisini mpaka koo zikakauka na lango halikutikisika. Alipopita mfagiaji akilisema la zamani kwa utani, likafunguka. Wakaiondoa gemu sokoni. Lakini ilikuwa imeshajaa kwenye simu za watu, wanarushiana wenyewe kwa wenyewe, na kule kusikia kwamba imekatazwa kuliifanya iwe tamu zaidi.

"Si yetu tena, dada," bosi alimwambia. "Nisamehe."

Ikafika Jumamosi nyingine, mchana, na Mkunga, ambaye kwa siku nyingi alikuwa hamwachi mama yake hata kwa kwenda chooni, akawasikia watoto wa mtaani wamekaa nje ya ukuta na simu moja, wanalitamka wote kwa pamoja kwa mdundo, na kila walipolitamka harufu ilizidi na komeo moja lililia, la stoo, la jikoni, la chumbani, na mama kwenye kiti chake amefumba macho, mpaka Mkunga asiweze kuvumilia tena, akamwambia mama nisubiri, sichelewi, akatoka mbio mpaka nje, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya watoto wale, akawasihi wanyamaze, nao wakamtazama kama mwendawazimu, na mmoja akauliza kwa heshima tu, "Kwani, shangazi, likitajwa kuna nini?" na akalitaja.

Akageuka. Kutoka pale alipopiga magoti aliona nyumba yake yote imefunguka, geti, milango, madirisha, makabati, hadi kifuniko cha sufuria kilikuwa kimewekwa pembeni. Kiti cha mama hakikuwepo. Mama pia hakuwepo.

Walimtafuta kila mahali watu wanapotafutwa. Kisha bosi akampigia simu.

"Dada, kuna mtu ndani ya mji. Bibi kizee, amekaa kwenye kiti, uwanjani katikati. Hatukumchora sisi. Wachezaji wanaingia kwa wingi kwenda kumwona."

Mkunga akafungua gemu. Lango lilikuwa limefungwa, linangoja. Alikaa nalo muda mrefu, simu mkononi, akijua alichokijua kuliko mtu yeyote duniani. Halafu akalitamka.

Mama yake akainua uso. "Usiniite tena, mwanangu," alisema. "Kila mkiingia kuniona, kinatoka."

Kesho yake nyumba ya jirani waliamka wanamtafuta baba yao.

Bosi alimsihi Mkunga aifute ile gemu kwenye simu yake, angalau yeye mmoja aache.

"Nitaifuta," Mkunga alisema. "Jana nimemwona amekonda sana. Ngoja nimwone leo tu, nijue kama amekula."

Akasogeza simu mdomoni, akalitaja.