Sungura wa Posa

Walikutana soko la kuku la mji wa Haarlem, asubuhi ya mvua, Barent alipomkanyaga Aeltje mguu huku macho yake yakiwa kwa kwale waliolazwa mezani.

"We bwana, huoni?"

"Samahani, mama. Nilikuwa natazama manyoya."

"Manyoya hayaliwi."

"Mimi sili. Nachora."

Aeltje alicheka, ingawa uchovu ulikuwa umemjaa. Alikuwa mjane muuza kuku na mawindo sokoni hapo, kofia yake ya kitani imelowa, vidole vyekundu kwa baridi. Barent naye alichoka kwa namna yake: kutwa kuwachorea mawindo matajiri wa bia ambao sheria iliwakataza kuwinda hata sungura, ila walitaka wageni wao wadhani wanawinda na mabwana wakubwa. Penzi likaanza hivyo hivyo, kwa kutaniana juu ya mizoga.

Vuli ilipokwisha, Aeltje akampelekea sungura mnono. Kwa kina Aeltje, mwanamke hatoi mawindo bure. Mwanamume akipokea, humwalika Jumapili, wakala pamoja na mama wa huyo mwanamume, na posa ikazungumzwa hapo mezani. Aeltje akashona kola mpya, akangoja. Jumapili ikapita kimya, naye akaenda mwenyewe kwa Barent.

Mlango ulipofunguliwa, uvundo ukampokea. Sungura alikuwa akining'inia msumarini, tumbo limegeuka kijani.

"Hukumpika?"

"Kumpika? Mpenzi, hebu ona mwanga unavyokaa kwenye sikio lake!"

"Nimekuletea chakula cha posa, Barent, umekiacha kioze!"

"Posa? Aeltje, haki ya Mungu sikujua..."

"Soko zima linajua!"

Akaondoka analia, na kola yake mpya. Barent akamaliza picha, ikatoka nzuri ajabu, na hakuifurahia hata kidogo.

Siku ya soko iliyofuata Barent akaonekana anakuja polepole kwenye meza ya Aeltje, amemshika mkono bibi kizee.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Hatujala. Nakuomba unioe, yaani, nikuoe. Hata kusema sijui."

Aeltje alimtazama. Hasira ilikuwepo bado, ila nguvu za kuibeba zilikuwa zimemwishia.

"Nimebaki na bata mzee tu. Nyama yake ngumu."

Mama mtu akacheka, ufizi mtupu.

"Meno sina, mwanangu. Mchemshe tu, mimi nitangoja mpaka alainike."

Aeltje akavua aproni, akambeba bata kwa miguu, akamshika kizee mkono wa pili.